Abagusii na Milima Yao: Jinsi Koo Zilizotawanyika Zilivyokuwa Jamii Moja

  

Mada niliyopewa ni historia ya wenyeji wa milimani. Mwalimu wa historia akisikia maneno hayo, mawazo yake huenda upesi kwenye milima ya Andes, kwa Waquechua na Waaymara wa Peru na Bolivia, ambao habari zao zimejaza rafu za maktaba. Nitawataja, kwa sababu wana la kutufunza. Lakini nitazungumza hasa juu ya watu wa milima hii tuliyoikalia, kutoka Manga hadi Tabaka, kutoka Borabu hadi Bonchari. Kusudi langu ni kuonyesha jambo moja: Abagusii hawakufika hapa wakiwa jamii moja iliyokamilika. Walifika makundi makundi, wengi wakikimbia, na ni katika milima hii walipojijenga kuwa jamii moja kwa maamuzi yao wenyewe. Nina hoja tano. Hazina uzito sawa, nami sitazipa muda sawa.

Hoja ya kwanza: tulifika kwa njia nyingi

Kila mtoto wa Kisii na Nyamira amesikia kwamba babu zetu walitoka Misri. Simulizi hiyo si yetu peke yetu. Jamii nyingi za magharibi ya Kenya huisimulia. Naiheshimu kama simulizi, lakini sioni ushahidi wa lugha unaotupeleka kwenye mto Nile wa Mafarao. Lugha inatuelekeza kwingine. Ekegusii ni Kibantu, na ndugu zake wa karibu ni Kikuria, Kingoreme na Kizanaki, lugha zinazosemwa hadi mkoa wa Mara nchini Tanzania. Msikilize Mkuria akihesabu au akitaja viungo vya mwili na utaelewa bila mkalimani. Simulizi za wazee nazo zinatutaja pamoja na Abalogoli na Abakuria, tukiteremka kutoka pande za Mlima Elgon, tukilifuata Ziwa hadi nyanda za Kano.

Kano ndipo historia yetu inapoanza kushikika. Mababu walikaa huko kwa vizazi kadhaa, wakilima wimbi na kufuga, mpaka Wajaluo walipozidi kuingia na nafasi ikawa ndogo. Wakaondoka. Kundi kubwa likapanda mashariki hadi Kabianga, ambayo leo iko Kericho. Kabianga inakumbukwa katika simulizi zetu kama mahali pa msiba: baridi na ukungu, wimbi halikuiva, ng'ombe walikufa, na majirani wenye nguvu walishambulia. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 watu wakatawanyika. Wengine walielekea kusini, wakapambana na Wamaasai pande za Trans Mara, kisha wakarudi kaskazini kutafuta miinuko. Wengine walipanda moja kwa moja hadi kwenye kingo za Manga. Na yapo makundi ambayo hayakupita Kabianga kabisa, yaliyoshika njia ya kusini yakafika kwa wakati wao.

Ndiyo maana tuna sehemu saba, wala hatuna mfalme mmoja katika kumbukumbu zetu. Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Machoge, Wanjare, Mugirango ya Kaskazini na Mugirango ya Kusini: kila moja ina simulizi yake ya kufika na mnyama wake wa mwiko. Abagetutu wana chui, Ababasi wana pundamilia, Abanchari wa Wanjare wana kiboko. Hebu mfikirieni huyo kiboko. Anayeishi juu ya mlima hachagui kiboko kuwa mnyama wa ukoo wake asipokuwa ametoka mahali penye maji mengi. Mnyama huyo ni ushahidi wa safari, na watoto wetu wanautaja kila siku bila kuujua.

Mengi ya haya tunayajua kwa sababu mwanahistoria Mjaluo, marehemu Profesa William Ochieng', alipanda milima hii akaketi na wazee, akauliza, akaandika. Kitabu chake juu ya historia ya Abagusii kabla ya ukoloni kilitoka mwaka 1974. Nawaomba majirani zetu kutoka Homa Bay mpokee shukrani zetu kwa niaba yake. Wazee aliowahoji wamekwisha kuondoka, na lau asingewahoji tungekuwa leo na makaburi tu.

Hoja ya pili: kupokea wakimbizi ndiko kulikotuunganisha

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara wangu, nami nitakaa kidogo.

Watu waliotoka katika msiba mmoja si lazima wawe jamii moja. Wangeweza kumezwa na Wakipsigis, Wamaasai au Wajaluo, kama walivyomezwa baadhi yao. Kilichozuia hilo ni mambo yaliyotendeka Kitutu katika karne ya 19. Abagetutu walitangulia kushika maeneo ya Manga. Kingo za Manga zina maporomoko upande mmoja, na aliye juu humwona adui kabla adui hajamwona yeye. Ardhi ilikuwa nyingi kuliko watu. Basi familia zilizovunjwa na mashambulizi zilipofika zikiomba mahali pa kujenga, Abagetutu walizikaribisha. Hao waliitwa abamenyi, yaani wakaaji. Walipewa shamba, wakapewa ulinzi, na wao wakaongeza mikuki katika vita na mikono katika kilimo.

Sitaki kupamba. Omomenyi hakuwa sawa na mwenye ardhi tangu siku ya kwanza. Wenye nasaba ya asili walikuwa na kauli kubwa zaidi barazani, na ng'ombe waliotozwa kama faini waliwatajirisha wao. Kutokana na utajiri na wingi huo wa watu, Kitutu ilianza kuwa na omogambi, mtawala ambaye neno lake lilivuka mipaka ya ukoo wake, jambo ambalo sehemu nyingine sita hazikuwa nalo kwa kiwango hicho. Lakini mjukuu wa omomenyi alioa, akazaa, akazikwa, na kizazi cha tatu kilisimama barazani kama wenyeji. Wako humu ukumbini watu ambao babu zao walifika Kitutu mikono mitupu. Hakuna anayewauliza leo walikotoka.

Kwingineko vyombo vya kuunganisha vilikuwa tofauti. Kulikuwa na etureti, baraza la wazee wa mtaa lililokata kesi za mipaka, mahari na damu. Kulikuwa na ebisarate, maboma ya ng'ombe yaliyojengwa mbali na nyumba, ambako vijana walilala wakilinda mifugo ya koo zao. Kijana aliingia egesarate akiwa mtoto wa mama yake, akatoka akiwa amekula, amelala na amepigana pamoja na rika lake. Serikali ya kikoloni ilijua nguvu ya ebisarate, ndiyo maana ilizivunja kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Na kulikuwa na ndoa. Ukoo haukuoa ndani yake, kwa hiyo kila mwanamume alilazimika kutafuta mke katika ukoo mwingine, mara nyingi ukoo uliokuwa na ugomvi na wake. Wazee walisema kwamba tunaooa kwao ndio tunaopigana nao. Wanaume huusimulia msemo huu kwa upande wa vita. Mimi nauona kwa upande wa bibi harusi. Mwanamke wa Bobasi aliyeolewa Nyaribari alikuwa na kaka upande mmoja na mume upande wa pili, na mapigano yalipozuka ndiye aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kutaka yakome. Nyuzi zilizoshona sehemu saba kuwa kitu kimoja zilipitia kwa wanawake, na ni aibu kwamba orodha zetu za nasaba zinataja majina ya wanaume tu.

Tusisahau pia soko. Wajaluo walileta mifugo, vyungu, samaki na chumvi. Abagusii walipeleka nafaka na majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wetu. Njaa ilipoingia Nyanza ya chini, chakula kilitoka juu. Vita vilikuwepo, lakini mwanamke mwenye kikapu cha wimbi alivuka mpaka ambao mwanamume mwenye mkuki hakuuvuka.

Matunda ya muungano huo yalionekana mwanzoni mwa miaka ya 1890. Vijana wa Kipsigis walikuja kwa wingi kuteka ng'ombe, na koo kadhaa za Abagusii zikapigana bega kwa bega katika vita vinavyokumbukwa kwa jina la Saosao. Wakipsigis walishindwa vibaya, na wenyewe wanaikumbuka siku hiyo kwa majonzi. Ndugu zetu kutoka Kericho, siitaji Saosao ili kujisifu. Naitaja kwa sababu watu ambao karne moja kabla walikuwa wakitawanyika huko Kabianga sasa waliweza kuitana na kuitikiana. Jamii ilikuwa imezaliwa, na wakati huo Mwingereza alikuwa hajakanyaga hapa.

Hoja ya tatu: milima ilikuwa na elimu yake

Nataka sasa niwapeleke Peru kwa muda mfupi. Katika makaburi ya kale ya Andes wachimbaji wamepata mafuvu mengi ya watu yenye matundu yaliyotobolewa au kukwanguliwa kwa makusudi. Fuvu moja kutoka Cusco lilipelekwa Paris katika miaka ya 1860, na daktari Mfaransa Paul Broca akaonyesha kwamba mwenye fuvu hilo alipasuliwa akiwa hai. Wasomi wa Ulaya walishtuka. Baadaye Julio Tello, mwanaakiolojia aliyezaliwa katika jamii ya wenyeji wa milima ya Huarochirí, alikusanya mafuvu mengi zaidi. Siku hizi John Verano amechunguza mamia yake, na kutokana na namna mfupa ulivyopona anaeleza kwamba enzi za Wainka wagonjwa wanne kati ya watano, au karibu na hapo, waliishi baada ya upasuaji.

Wazee mnatabasamu, maana mnajua ninakoelekea. Kwetu upasuaji wa aina hiyo haukuwa habari ya makaburini tu. Ababari, waganga wapasuaji wa Gusii, walikuwa wakiufanya katika karne ya 20, madaktari wa hospitali wakiwa wanatazama na kuandika. Mtu aliyepigwa rungu kichwani au aliyeanguka akaumia, kisha akateswa na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, alipelekwa kwa omobari. Omobari alipasua ngozi ya kichwa, akakwangua mfupa pole pole, saa nyingine kwa muda mrefu sana, akizingatia asiuguse utando ulio chini yake. Jamaa walimshika mgonjwa. Kidonda kilitunzwa kwa dawa za mitishamba. Katika miaka ya 1950 majarida ya udaktari yaliandika habari hizo, na katika miaka ya 1980 madaktari bado waliwakuta ababari na wagonjwa wao wakiwa hai, baadhi wakiwa wamepasuliwa zaidi ya mara moja.

Sisemi turudi huko; mwenye kuumia kichwa leo aende hospitali. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyejifunza kazi hiyo kwa kubahatisha. Kulikuwa na uanagenzi, mwana akimfuata baba, mkono ukizoea unene wa mfupa. Ilikuwapo elimu ya kuchunguza, kujaribu na kukumbuka. Jamii mbili za milimani, zilizo mbali na zisizojuana, zilifika kwenye ujuzi mmoja. Peru huonyesha mafuvu yake katika makumbusho. Vifaa vya ababari wetu viko wapi? Vingi viko mikononi mwa wakusanyaji wa vitu vya kale, au kwenye dari za nyumba ambazo wajukuu wanazibomoa.

Kwa wale wanaodhani Andes ni mbali mno, nawakumbusha kwamba viazi tunavyolima vilianza kulimwa na wenyeji wa milima ile, karibu na Ziwa Titicaca, maelfu ya miaka iliyopita. Tumekuwa tukila matunda ya elimu yao.

Hoja ya nne: tulishindwa kwa bunduki, hatukukaa kimya

Mwaka 1905 kikosi cha kikoloni kiliingia Gusii kwa mara ya kwanza kwa nguvu, kikaua na kuchukua ng'ombe, kikaondoka. Mwaka 1907 Waingereza walirudi kukaa, wakajenga kituo hapa mjini Kisii, mahali wenyeji walipopaita Getembe na baadaye Bosongo. Mtabiri Sakagwa, aliyeishi Kitutu na aliyeondoka duniani mwanzoni mwa karne hiyo, anakumbukwa kuwa aliona mapema kuja kwao. Ofisa wa kituo alikuwa kijana, Geoffry Northcote, ambaye watu walimwita Nyarigoti. Kodi ilianza, na ng'ombe wakachukuliwa.

Mwanamke mmoja, Moraa wa Ng'iti, mganga na mtabiri wa Kitutu, aliwauliza wanaume wanangoja nini. Januari 1908 kijana Otenyo Nyamaterere alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki. Northcote aliumia lakini hakufa. Aliishi, akapanda cheo, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Kisasi kilikuwa kikubwa. Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja zaidi ya watu 200 waliouawa na ng'ombe maelfu walioporwa, nyumba na nafaka zikichomwa. Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu waziri wa makoloni huko London, na ambaye alikuwa ametembelea Afrika Mashariki miezi michache tu kabla, alisoma simu za ushindi akaandika kupinga mauaji ya watu wasio na uwezo wa kujikinga kwa kiwango kile. Hata mtu wa dola lile aliona kwamba imepita kiasi. Otenyo alikamatwa akauawa. Wazee wetu wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na jamaa zake hawajaacha kukidai.

Hapa Andes inarudi tena. Novemba 1780 huko Peru, José Gabriel Condorcanqui, aliyejiita Túpac Amaru wa Pili, aliasi dhidi ya kazi za shuruti na kodi za Wahispania. Mkewe, Micaela Bastidas, aliongoza ugavi na kuwaandaa wapiganaji. Tarehe 18 Mei 1781 wote wawili waliuawa hadharani katika uwanja wa Cusco, na viungo vya mwili wa Túpac Amaru vikapelekwa miji mbalimbali ili kutisha watu. Kisha hukumu ikaenda mbali zaidi: ikaamuru mavazi ya Kiinka yakomeshwe na lugha ya Kiquechua ifutwe. Mtawala alijua kwamba kumuua mtu hakutoshi maadamu watu wanaendelea kukumbuka kwa lugha yao. Lakini mwaka 1975 serikali ya Peru yenyewe ilikitangaza Kiquechua kuwa lugha rasmi. Wanafunzi, ninyi mnaoona haya kusema Ekegusii mkiwa bwenini, hilo nimelisema kwa ajili yenu.

Baada ya 1908 ukaja mwaka 1914. Wajerumani walivuka kutoka upande wa kusini wakaingia Kisii, na tarehe 12 Septemba wakapigana na Waingereza mjini. Watu wetu walipoona wakoloni wamekimbia, waliingia mjini na kwenye misheni, ikiwamo ya Wakatoliki ya Nyabururu iliyoanzishwa mwaka 1911, wakachukua mali. Wengi waliamini kwamba utawala wa kigeni umekwisha. Mwaka uliotangulia imani ya Mumbo ilikuwa imezuka Alego, kwa Wajaluo, na ilipopanda huku ilishikamana na jina la Sakagwa na matumaini ya kurudi kwake. Serikali iliuona Mumbo kuwa wazimu. Mimi nauona kuwa siasa ya watu walionyang'anywa jukwaa jingine lolote. Mwaka 1921 viongozi wake walihamishiwa Lamu, na mwaka 1954 imani hiyo ikapigwa marufuku.

Yaliyofuata mnayajua, nami nitayapita kwa haraka. Wasabato walikuwa wameanzisha misheni ya Nyanchwa mwaka 1912, na shule zikaenea. Katika miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu chache za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa, na machifu kama Musa Nyandusi wa Nyaribari walikuwa mstari wa mbele. Chai na pareto zilifuata katika miaka ya 1950. Uhuru ulitupa akina Lawrence Sagini na James Nyamweya katika baraza la mawaziri, na ukatupa pia mbunge George Anyona, ambaye alipendelea kuwekwa kizuizini kuliko kunyamaza.

Hoja ya tano: kumbukumbu yetu iko hatarini kwa mikono yetu

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii ilikuwa na watu 957 kwa kila kilomita ya mraba. Ardhi iliyowapokea abamenyi kwa ukarimu sasa inagawanywa vipande ambavyo ng'ombe mmoja hageuki. Watoto wetu wametapakaa: Borabu, Trans Mara, Nakuru, Nairobi, hadi Minneapolis huko Marekani, ambako Jumapili na Jumamosi makanisa huimba kwa Ekegusii.

Shamba likiwa dogo, jicho la mrithi humwangukia mzee anayelikalia. Nitasema jambo ambalo katika mikutano yetu hukwepwa. Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, wazee kumi na mmoja walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Nimewaeleza kwamba nyuzi za historia yetu zilipitia kwa wanawake, na kwamba Ochieng' aliyapata mengi kutoka vinywani mwa wazee. Basi pimeni wenyewe ukubwa wa hasara. Ni mauaji, na kwanza kabisa ni dhambi na kosa la jinai. Kwa mwanahistoria ni uharibifu wa hati zisizo na nakala. Na ni usaliti wa desturi iliyotuumba, maana jamii iliyojengwa kwa kuwapa wageni mahali pa kulala haiwezi kumfukuza bibi yake kwenye nyumba yake kisha ijiite Gusii.

Yaliyo mbele yetu

Bwana Mwenyekiti, nimalizie kwa mapendekezo, maana hatukukusanyika kuomboleza.

Kwanza, kaunti zetu mbili zina uwezo wa pamoja ambao hatujautumia. Katiba ya mwaka 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na inaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji. Kisii na Nyamira zijenge makumbusho moja, si mawili yanayoshindana, nami naona Manga ndipo mahali pake. Humo viwekwe vifaa vya ababari, majembe ya wahunzi, mawe ya sabuni ya Tabaka pamoja na majina ya wachongaji wake, na obokano, vinanda vyetu vyenye nyuzi nane, vilivyotengenezwa na watu wanaojua bado kuvipiga.

Pili, Chuo Kikuu cha Kisii kiko hapa mjini, na kina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Wapewe kazi ya kurekodi nasaba za koo, na safari hii majina ya akina mama yaandikwe pamoja na ya akina baba: alitoka ukoo gani, aliolewa wapi, alileta mbegu gani, alipatanisha nani na nani. Taarifa za wilaya za enzi ya ukoloni zipo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi. Zisomwe sambamba na maneno ya wazee, na penye tofauti tuseme wazi.

Tatu, madai ya mabaki ya Otenyo yasiachwe kuwa mzigo wa familia moja. Mabunge ya kaunti zote mbili yaandike rasmi kwa serikali ya Uingereza na kwa makumbusho yake, yaulize kilichopo ni nini na kiko wapi, na majibu yachapishwe.

Nne, na hili halihitaji bajeti. Kila mwalimu aliyemo humu awaagize wanafunzi wake wakahoji mtu mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini, kwa Ekegusii, waandike, waweke nakala shuleni. Simu iliyo mfukoni mwa kijana inatosha kurekodi sauti. Anzeni na abang'ina, akina mama wazee, wa nyumbani kwenu, na anzeni kabla likizo ijayo haijafika. Wazee mlio hapa mbele, tafadhali msiondoke leo. Wanafunzi wana maswali, na chai iko tayari.